Kope za Bibi Tabu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Zipora alikuwa na kazi ambayo hakuna mwenzake wa darasa la tano aliyekuwa nayo. Alimng'oa bibi yake kope.

Ndiyo, kope! Akishafagia uwanja na kuwafungulia mbuzi, anamkalisha Bibi Tabu kwenye kigoda mbele ya tembe lao, uso umeelekea jua. Anachukua kikoleo kidogo cha bati, anabana kope moja, anavuta. Tk! Halafu nyingine. Kope za bibi hazikuota kwenda nje kama zako na zangu. Zilikuwa zimegeukia ndani, na kila akipepesa zinamkwaruza jicho.

"Taratibu, mke mwenzangu," bibi alisema, machozi yanamtiririka. "Ukinitoboa jicho, mume wetu atanikimbia."

"Mume wetu si alikufa zamani, Bibi?"

"Ndiyo maana nakwambia taratibu. Nitampata wapi mwingine?"

Wakacheka wote wawili. Zipora alipenda kusogeza uso karibu kabisa, kwa sababu ndani ya mboni ya bibi alikuwa anamwona Zipora mwingine, mdogo kama punje ya uwele.

Huu ulikuwa mwaka 1996, kijijini, si mbali na Mlali. Macho ya Bibi Tabu yalikuwa mekundu, na la kushoto lilianza kuingia ukungu mweupe. Watoto walipomwona njiani walitimua mbio. Shuleni nako, Sila wa dawati la nyuma hakuwa na dogo.

"Zipora, jana bibi yako alitua wapi na ungo wake?"

"Mwongo! Macho yake ni moshi tu."

"Moshi gani? Hata kwetu tunapikia kuni!"

Darasa zima likacheka.

Jumatatu moja gari la afya likafika zahanati. Mwalimu akatangaza: wenye kope zilizoingia ndani waende wakapimwe, watafanyiwa upasuaji bure. Bure! Miaka ile kila mtu alikuwa analalamika kuhusu kuchangia matibabu, halafu unasikia bure!

Zipora alikimbia nyumbani na habari hiyo. Bibi hakufurahi hata kidogo.

"Upasuaji wa macho? Jirani yetu Bartolomayo alienda kwa hao hao, akarudi hana jicho." Akamshika Zipora mkono. "Zing'oe zote. Usibakize hata moja. Wakinikuta safi wataniacha. Na usiseme! Ukisema, utakuwa umenitoa macho kwa mkono wako."

Zipora akazing'oa zote.

Kesho yake mwenyekiti wa kitongoji akawapitia, ikabidi waende. Foleni ilikuwa ndefu. Kijana mmoja mhudumu, Erick, alimulika macho ya bibi kwa tochi haraka haraka.

"Sioni kope iliyoingia hapa. Bibi, huwa unazing'oa?"

"Mimi? Kwa macho haya nitazionaje?"

Erick akamgeukia Zipora. "Eti, mdogo wangu, wewe ndiye unayemng'oa?"

Vidole vya bibi vikambana mkono. Zipora akasema, "Hapana."

"Haya, anayefuata!"

Neno moja tu. Lakini lilimfuata Zipora mpaka nyumbani, na halikuondoka tena.

Baada ya wiki mbili kope zikaota upya, fupi, ngumu kama mabua yaliyokatwa. Zipora akazing'oa, zikaota tena. Bibi aliacha kucheka. Siku moja alimwaga mlenda nje ya bakuli, akawa anapapasa mkeka. Siku nyingine Zipora alikuwa amesimama mbele yake, lakini bibi akaita, "Zipora, upo wapi?"

Tangu siku hiyo jicho lile jeupe likawa kila mahali. Nukta ya chaki ubaoni, inamtazama. Tone la maziwa kwenye kibuyu, linamtazama. Yai kwenye kiota cha kuku, nalo hilo! Akichota maji kwenye kisima cha mchangani, wingu jeupe linatulia katikati ya maji, halipepesi. Na kila mara sikioni: hapana, hapana, hapana.

Wiki ya tano gari likarudi. Mwalimu alisema ni mara ya mwisho mwaka ule.

"Lete kikoleo," bibi akasema.

Zipora akasogeza uso karibu. Akaangalia jicho la kushoto. Hakukuwa na mtu. Zipora yule mdogo hakuwemo tena, umebaki ukungu tu.

Akaweka kikoleo chini.

"Bibi, siwezi."

"Huwezi nini?"

"Kuzing'oa. Naenda kusema."

"Zipora! Rudi hapa! Umeniua, Zipora!"

Sauti ile ilimchoma mgongoni, lakini hakusimama mpaka zahanati. Mlangoni alimkuta muuguzi wa macho, mama wa makamo anayeitwa Evelina.

"Shikamoo. Nilidanganya," Zipora akasema, akaanza kulia. Akaeleza yote: kikoleo, Bartolomayo, hapana.

Evelina hakumgombeza. Alichukua mkoba wake, wakaenda pamoja.

"Mmekuja kunitoa macho," bibi akasema walipofika uwanjani.

"Jicho siligusi, mama. Napasua kidogo hiki kifuniko chake, nakigeuza, kope zitazame nje."

"Na Bartolomayo je?"

"Alienda hospitali lini?"

Bibi akafikiri. "Alipokuwa haoni hata jua."

"Basi alichelewa. Jicho lilikuwa limeshaoza."

Bibi akapapasa kigoda chake, akaketi. Kisha akasema, "Huyu mtoto akae karibu yangu. Aliyenisema na aone mwenyewe."

Walipofika zahanati, Zipora alikaa, ameushika mkono wa bibi. Sindano ya ganzi, wembe mdogo, nyuzi, bandeji. Kesho yake bandeji zikatolewa, na baada ya siku nane nyuzi. Bibi akapepesa. Akapepesa tena.

"Hazichomi," akanong'ona.

Jicho la kulia lilipona. La kushoto lilibaki jeupe. "Kovu hilo halitoki," Evelina alisema taratibu. "Wiki tano zile nazo zimeongeza."

Kisha akakigeuza kifuniko cha jicho la Zipora mwenyewe, akakuta vipele vidogo ndani yake. "Huu ni ugonjwa wa vikope. Si uchawi. Unaenezwa na nzi na nyuso chafu, unaanza utotoni kama hivi. Bila dawa, miaka ikipita, kovu linazigeuza kope." Akampa tyubu ya dawa. "Na nawa uso kila siku. Usiniambie maji hakuna. Nusu kikombe inatosha."

Alipita darasani pia. Sila alikutwa na vikope vibaya kuliko wote, na habari za ungo zikaishia hapo.

Jioni Zipora akapiga magoti mbele ya bibi. "Nisamehe, Bibi. Nilikuvunjia heshima."

"Nisamehe wewe," bibi akasema. "Mimi ndiye niliyekufundisha uongo. Ungenitii mpaka mwisho, leo ningekuwa kipofu mwenye mjukuu mtiifu. Mkubwa akikuambia ufiche ugonjwa, usinyamaze. Mwambie anayeweza kutibu. Na umwambie mapema, unasikia? Si kama sisi."