Waya Sijauona

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi wa ndege ya kunyunyizia dawa mashambani, nami sitii chumvi. Ndege ile hupita chini, karibu iguse pamba, kwa hiyo rubani akikaribia nyaya za umeme lazima atamke redioni: “Waya nimeuona.”

Asubuhi moja ya ukungu mzito, fundi aliwasha redio ya banda la ndege kuijaribu. Rubani, mume wa dada yake, alikuwa ameketi kando yake akifunga viatu.

“Shemeji, leo usiruke. Ukungu huu!”

“Woga utakuzeesha wewe,” rubani akacheka.

Redio ikakoroma. Ikatoka sauti ya rubani yule yule, ilhali midomo yake imefumbwa: “Waya sijauona.”

Ukasikika mlio wa waya ukikatika, na taa ya banda ikazimika.