Vidole Vitano vya Musoki

Kila asubuhi, kabla ya kuingia darasani, wanafunzi wa shule moja ya Ngezi, mjini Bunia, hupanga mstari na kunyoosha mikono. Mwalimu Félicien hupita akikagua kucha. Musoki hakuwahi kuogopa ukaguzi huo. Mikono yake ilikuwa safi, tena yenye sifa: darasa la sita zima, hakuna aliyechora kumpita.

Mpaka Jeannine alipohamia kutoka Mambasa.

Wiki ile bibi yake Jeannine, Koko Françoise, Mmbuti aliyezaliwa porini, alikuja kuwafundisha kuchora kwenye murumba, kitambaa cha ganda la mti lililopondwa mpaka likalainika. Kitambaa kimoja kingetundikwa mlangoni siku ya sikukuu ya wazazi. Kimoja tu.

Musoki alichora kwa makaa miraba iliyonyooka kama rula. Jeannine akachora njia za siafu, utando wa buibui, na nafasi tupu hapa na pale.

"Eh! Hii inapumua," akasema mwalimu. "Hii njo tutatundika." Darasa likapiga makofi.

Pilipili ikamwagika kifuani mwa Musoki. "Inapumua? Iko na pua?" akanong'ona.

Ushindi, mcheshi wa darasa, akamsikia. "Weye njo unapumua sana. Utawasha makaa!"

Musoki alikuwa bado anatafuna wivu wake wakati Koko akikamua tunda la porini ndani ya kopo na kueleza jambo fulani. Hakusikia hata neno.

Saa ya kutoka, alibaki nyuma akijifanya anafagia. Mezani akaona kopo la maji. Akachovya vidole vitano, akavipitisha juu ya mchoro wa Jeannine ili makaa yafutike. Yalififia kidogo tu, kisha maji yakakauka. "Shauri yake," akasema, akaenda zake.

Asubuhi vidole viliamka vyeusi ti, kama vimelala ndani ya masizi. Alisugua kwa sabuni, kwa mchanga, kwa limau. Wapi! Akavuta sweta ikavifunika, akaenda shule.

Mstarini, Jeannine alikuwa analia, amekumbatia kitambaa chake. Michirizi mitano myeusi ilikikata katikati.

"Ushindi!" mwalimu akaita, kabla hata ya kukagua mikono. "Hii ni michezo yako. Piga magoti."

"Miye? Haki ya Mungu, mwalimu, hapana miye!"

Wenzake wakacheka. Nani angemwamini Ushindi? Musoki alikuwa amepona. Lakini akamwona Ushindi akipiga magoti, na kwa mara ya kwanza uso wake haukuwa na mzaha. Musoki akatoa mkono ndani ya sweta.

"Mwalimu, njo miye."

"Kwa nini?" Jeannine akauliza.

"Juu ya vile walikupigia makofi. Mbele ya weye kufika, walikuwa wananipigia miye."

Mwalimu akamwinua Ushindi na kumwomba msamaha. Koko Françoise, aliyekuwa amekuja kuendelea na somo, akaushika ule mkono, akaugeuza, akacheka.

"Jana nilisema, maji ya tunda ya mu kopo haina haraka. Leo unaona maji, kesho unaona weusi. Weye ulikuwa wapi?"

"Koko, kitambaa imeharibika?" Musoki akauliza.

"Mu pori, muti ikianguka mu njia, hatuachi njia. Tunazunguka. Mukae chini, nyinyi wawili."

Wakakaa. "Usinifinye," Jeannine akanuna, ila akampa kipande cha makaa. Michirizi mitano ikawa kamba za porini, na siafu wakazizunguka, mmoja baada ya mwingine.

Siku ya sikukuu kitambaa kilining'inia mlangoni. Wazazi wakauliza nani amechora. "Siye wawili," Jeannine akajibu. Walipowasifu siafu wa Jeannine kwanza, Musoki akasikia pilipili kidogo, akaimeza.

"Wazazi, muangalie," Ushindi akapaza sauti, "Musoki anatembeaka na bic tano za wino!"

Koko Françoise akamvuta Musoki karibu. "Mutoto wangu, pori ni kubwa. Kila ndege iko na tawi yake. Wivu iko kama maji ya ile tunda: saa unamwagia mwenzako, hakuna mutu anaiona. Lakini itaonekana tu, na itaanza ku vidole yako."