Vidole vya Nassoro

Kasha-amana lilitua barazani bila kishindo, likakunja mabawa yake manne, likasimama kwa miguu mifupi kama mbuzi aliyezoea kusubiri. Ukubwa wake ulikuwa wa sanduku la bibi harusi. Kifuniko kikafunguka, na sauti ya upole ikasema, "Hodi wenyewe. Nimefuata mali iliyotangazwa sokoni."

"Karibu," alijibu Mzee Hemedi Shekue. Alichungulia barabarani kwanza, kama mtu anayeuza kitu cha wizi, ilhali alikuwa kwake.

Tanga ya siku hizo haikuwa na mtu wa kwenda mnadani kwa miguu. Vitu vikuukuu vya thamani viliuzwa katika soko la mtandao, na muuzaji hakuonana na mnunuzi. Hapo mwanzo biashara hiyo iliwaliza wengi. Aliyetangulia kutuma mali hakulipwa, na aliyetangulia kutuma pesa aliletewa tofali lililofungwa vizuri. Ndipo wahandisi wa pwani wakabuni kasha-amana. Mnunuzi aliweka pesa zake katika amana ya kasha, muuzaji akaweka mali, na kasha likakaa kati, halimpi huyu wala yule, mpaka wote wawili waseme wameridhika. Ili lisidanganywe, lilifungiwa kisomamguso, taa ya buluu iliyosoma jasho na mafuta ya ngozi juu ya kitu, ikajua ni mikono ya nani iliyokishika na ni ipi iliyokishika zaidi. Mwizi hushika mali kwa muda mfupi, mwenyewe huishika miaka.

Hemedi, fundi mstaafu wa mitambo ya kuchuja maji ya bahari, aliyajua hayo yote. Ndiyo maana hakuyumba pale mnunuzi wa kwanza alipomwahidi bei maradufu, kwa sharti wamalizane nje ya kasha. Yule mtu alimtumia hadi ujumbe wa kuonyesha kwamba pesa zimeshaingia na mchukuzi wake yuko njiani. Hemedi alitazama akiba yake, akakuta haijaongezeka hata senti, akamjibu kwamba ujumbe si pesa, kisha akamfungia mlango. Wanaoliwa katika biashara hii ni wenye tamaa, na yeye hakuwa na tamaa ya pesa. Alichotaka ni kodiani itoke nyumbani mwake.

Kodiani hiyo, ala ya kukunjua na kukunja kifuani, ilikuwa ya Nassoro Kibwana, mpigaji wa taarabu, mume wa kwanza wa Bi Mwanatumu. Nassoro alifariki kabla Hemedi hajamposa mjane wake. Ala ikaja na mizigo ya bibi harusi, ikawekwa juu ya kabati la chumbani katika mkoba wake mweusi, ikakaa hapo kama mgeni asiyeaga. Bi Mwanatumu hakuitaja hata siku moja, na kule kutoitaja ndiko kulikomla Hemedi. Angeitaja, wangegombana, yakaisha. Lakini marehemu hakoromi, hazeeki, hasahau chumvi sokoni. Utashindana naye kwa lipi? Mkewe akivumisha wimbo jikoni, Hemedi alijiuliza anaimbiwa nani. Akinyamaza, alijiuliza anamkumbuka nani. Na kila mkewe alipotoka kwenda kwa jirani, Hemedi aliishusha kodiani, akavisugua vibonye kwa kitambaa cha siki, kimoja baada ya kingine, apate kuviondoa vidole vya yule mtu. Kisha aliirudisha vilevile ilivyokuwa.

Sasa mkewe alikuwa Pangani kwenye harusi ya mpwa wake, na mnunuzi wa pili, Bwana Mwakio wa Voi, mkusanyaji wa ala za wapigaji wa kale, alikwisha weka pesa katika amana. Hemedi aliilaza kodiani ndani ya kasha. Taa ya buluu ikaipitia, ikarudi, ikaipitia tena.

"Mali ni halali," lilisema kasha. "Sasa natimiza shufaa."

Kwa desturi ya wazee, mtu hauzi fungu lake kwa mgeni kabla hajamuuliza mshirika wake kama analitaka yeye kwanza. Hiyo ndiyo shufaa, na wahandisi waliitia katika kasha ili kitu cha nyumba kisiuzwe bila watu wa nyumba kuulizwa. Hemedi alikuwa amejikinga na kila mwizi wa mbali, akamsahau mtu wa kitandani kwake.

"Usimuulize. Hana haja nayo."

"Nimekwisha muuliza, mzee. Na taarifa ya mikono nimemtumia, kama nilivyomtumia mnunuzi."

Mnunuzi ndiye aliyetangulia kujibu, sauti yake ikatokea ubavuni mwa kasha.

"Shikamoo, mzee. Naomba unisamehe. Nilichokuwa nanunua ni vidole vya Nassoro Kibwana, jinsi alivyokuwa akivibonyeza vibonye. Hapa naona vidole vya mtu mmoja tu, tena si mpigaji. Naomba amana yangu."

Kasha likamrudishia bila maneno mengi. Kabla Hemedi hajapata la kusema, sauti nyingine ikaingia, na nyuma yake ngoma za harusi.

"Hemedi."

Alishtuka. Siku zote mkewe alimwita bwana.

"Nimeletewa taarifa hapa. Vidole vyangu havimo."

"Mke wangu, nilidhani..."

"Sijaigusa tangu nilipotoka eda. Niliiacha pale juu kwa sababu sikujua mtu huipeleka wapi kodiani ya maiti. Ungeniambia tu, ningekubebea mimi mwenyewe mpaka mlangoni." Mtu akapita karibu naye akipiga vigelegele. "Mimi Nassoro nilimzika, bwana. Kumbe wewe ndiye uliyeishi naye miaka yote hii."

Hemedi aliitazama kodiani ndani ya kasha.

"Shufaa nimeiacha," akasema Bi Mwanatumu. "Uza, gawa, choma moto. Mashine yenyewe imesema ni yako." Ngoma zikakatika.

Kasha likasema kwa adabu kwamba mali imethibitika kuwa ya Hemedi Shekue, na likauliza kama liitangaze upya. Hemedi alitikisa kichwa. Akaitoa kodiani kwa mikono miwili, kasha likafunga kifuniko, likakunjua mabawa, likaenda zake kwa wateja wengine.

Aliibeba mpaka mlango wa chumbani, akalitazama kabati, akashindwa kuingia. Akarudi barazani, akakaa nayo mapajani. Alijaribu kufikiri ataanza vipi mkewe atakaporudi, neno la kwanza liwe lipi, na wakati anafikiri mkono ulichomoa kitambaa mfukoni kwa mazoea yake ya zamani, ukaanza kusugua. Alishavifuta vibonye kadhaa ndipo akakumbuka ni vidole vya nani anavyovifuta. Aliendelea kusugua hata hivyo, na kila alipoondoa alama moja, mkono wake uliacha nyingine.