Pikapu Iliyopakwa Mafuta

Kila asubuhi kabla ya shule, Mama alimsimamisha binti yake mlangoni na kumpaka mafuta usoni na miguuni, akisema nyumbani kwake hatoki mtoto aliyepauka. Mtaani binti huyo aliitwa Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Lakini wiki hii alikuwa kimya, na hata chai yake ilipoa bila kuguswa.

Chanzo kilikuwa pikapu. Mama, muuza miche, alikuwa ameinunua kwa jirani yao, muuguzi mstaafu ambaye kila mtu alimwita Sista. Pikapu ilikuwa imetumika, ila ilikuwa na akili zake: kamera ndogo iliyofungwa juu, nyuma ya kioo cha mbele, ilitazama barabara, na gari lilipokaribia kitu lilipiga kelele na kusaidia kufunga breki. Haikupita muda, taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi na haikuzima tena.

Mama naye akawaka. Alivuka barabara akamwambia Sista waziwazi kwamba amemuuzia gari bovu huku akijua. Sista aliumia sana. Alijibu tu kwamba kama ni hivyo, Jumamosi airudishe. Tangu hapo hawakusalimiana, watu waliozoea kuombana chumvi.

Jumamosi ilipofika, Mama alimwita kwanza fundi umeme wa magari. Fundi alipima betri, akakagua fyuzi, akafuta kioo kwa nje, kisha akaunganisha mashine yake. Mashine ikaonyesha kuwa kamera haioni.

"Waya zote ziko salama," alisema huku akijikuna kichwa. "Kuna mtu amegusa huku juu tangu mlipoinunua?"

"Nani aguse? Tumeuziwa hivi hivi," Mama alijibu, akanyoosha mkono kuchukua ufunguo ili akairudishe.

Chiriku akaushika mkono huo. Alimpenda Sista, aliyemuuguza alipougua surua.

"Mama, ni mimi," alisema. "Niliipaka mafuta."

Maneno yakamtoka yote kwa pamoja. Aliona dashibodi imepauka, akaisugua kwa mafuta ya kujipaka hadi ikang'aa. Alipofika kwenye kifuniko cheusi cha juu, karibu na kioo, alikifungua akapaka na huko. Taa ilipowaka alijua ni yeye, akaogopa.

Fundi alifungua kifuniko. Kweli, kioo mbele ya kamera kilikuwa na utando wa mafuta. Akakisafisha kwa kitambaa laini, akaiendesha pikapu hadi mwisho wa mtaa na kurudi. Taa ilikuwa imezima.

"Magari yenye matope nimeyaona mengi," alisema, "lakini lililoandaliwa kwenda shule, hili ndilo la kwanza."

Mama alicheka hadi machozi yakamtoka. Kisha akamvuta binti yake karibu.

"Ya mafuta nimeyacheka, mwanangu, maana ulifanya kwa mapenzi. Lakini uliponyamaza, Sista alibeba lawama isiyo yake. Kosa ukilisema mapema, linabaki lako na linatengenezeka. Ukilificha, linamwangukia mtu mwingine."

Chiriku aliuliza kwa sauti ndogo kama aende kuomba msamaha.

"Twende wote," Mama alisema. "Wewe ulinyamaza, na mimi nilisema bila kuuliza. La kwangu ndilo kubwa."

Wakavuka barabara wameshikana mikono. Sista alifungua mlango nusu, akawatazama. Chiriku alikuwa bado anatafuta pa kuanzia, Mama akamtangulia.

"Dada yangu, nimekukosea," alisema, na Sista akaufungua mlango wote.