Prosesa ya Tano

Seva, ile kompyuta inayoendesha tovuti ya kampuni, ilikuwa na prosesa nne. Fundi Mizani alilijua hilo kama anavyovijua vidole vyake, maana ndiye aliyezifunga. Siku ile skrini ilimwonyesha tano.

Jina la Mizani mwanamke huyo alilipata kazini. Siku za kuuza tiketi za mechi, watu wanapoivamia tovuti kama siafu, yeye ndiye aliyegawa mzigo ili prosesa moja isielemewe huku nyingine zinauchapa usingizi. Kabla hajaajiriwa, tovuti ilikuwa ikianguka kila mechi kubwa. Tangu aje, haijaanguka hata mara moja. Kaka yake, mwenye kampuni, alikuwa akimsifu mbele za watu: "Damu nzito kuliko maji. Mdogo wangu ndiye uti wa mgongo wa ofisi hii." Naye akiona haya, na moyoni akifurahi. Masikini, angejua.

Akaitazama skrini vizuri. Zile nne zilikuwa baridi, kama hazina kazi. Ya tano ilikuwa inawaka. Na chumba kilinuka nywele zilizoungua.

Kichwa kilikuwa kinamgonga, kama kila siku ya tiketi. Siku hizi alikuwa anasahau pia. Juzi alipotea njia ya kwenda kwake, na leo hakukumbuka bintiye yuko darasa la ngapi. Aliogopa sana, ila alijiambia ni uchovu. Akachukua chupa ya maji ya barafu, akaibandika kwenye paji la uso.

Joto la prosesa ya tano likashuka.

Akaiondoa chupa, likapanda. Akairudisha, likashuka tena, maji yakamchuruzika shingoni, na kutoka ndani ya sikio lake, wala si kwenye feni, akausikia ule mvumo aliodhani siku zote ni wa mashine, na ndani ya mvumo sauti inayohesabu taratibu, bila kuvuta pumzi, tiketi baada ya tiketi, na midomo yake mwenyewe ikawa inaifuatisha.

Shangazi yake, aliyesimuliwa yote, ndiye aliyemleta mganga ofisini, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi. Aliigusa seva, kisha akamgusa Mizani kichwani.

"Ni jini," alinong'ona. "Mzigo haupunguzi, anauhamisha tu kwa mtu wa damu. Na haingii mpaka akabidhiwe mtu huyo."

"Nani amenikabidhi?"

Mganga aligeuka. Alimtazama kaka mtu, aliyesimama mlangoni.

"Kaka?"

"Kampuni ilikuwa inakufa," kaka akasema kwa sauti ya chini. "Nilidhani utaumwa kichwa tu."

"Na zile sifa zote mbele za watu?"

"Nisamehe, mdogo wangu."

Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani hutegemea kuikuta nguo yenyewe ni kaka yake? Kilichomuuma Mizani kuliko jini ni ile kazi aliyojivunia. Alidhani ameshika mizani kwa akili yake, kumbe yeye ndiye aliyewekwa kwenye sahani.

"Aliyetoa ndiye anayechukua," mganga akamwambia kaka. "Sema mwenyewe."

Kaka akaweka kiganja juu ya seva. "Namwondoa huyu," akasema.

Mvumo ukakatika. Prosesa zikabaki nne. Mizani akalia kwa kwikwi.

"Na tovuti ikianguka siku ya fainali?" akauliza.

"Ianguke," kaka akasema.

Akambembeleza abaki kazini mpaka fainali ipite, naye akakubali, ndugu ni ndugu. Shangazi akamwita mjinga.

Siku ya fainali watu waliivamia tovuti kuliko siku zote. Mizani alikaa akisubiri ianguke, na kwa kweli aliomba ianguke. Haikuanguka. Wafanyakazi wakashangilia. Kaka alikuwa anatazama sakafu.

Akafungua skrini. Tano.

Akabandika chupa ya barafu kwenye paji la uso. Joto halikushuka. Akaibana hadi ngozi ikafa ganzi, halikushuka, na ndipo alipotambua kwamba kichwa chake ni chepesi, kimetulia, anakumbuka kila kitu, hata darasa la bintiye. La pili.

Akapiga simu nyumbani, mama yake akapokea.

"Mama, mtoto yuko wapi?"

"Amelala. Wamemrudisha mapema kutoka shuleni, kichwa kinamchemka. Anahesabu tu, sijui anahesabu nini."

"Loweka kitambaa kwenye maji baridi, umwekee kwenye paji la uso. Sasa hivi, mama. Usikate simu."

Akasikia maji yakimiminwa kwenye beseni. Kwenye skrini, joto la prosesa ya tano likaanza kushuka.