Kiuno cha Mwarubaini

Walijuana siku ya soko pale Kwa Vonza, na kisa kilikuwa rangi. Nzomo, afisa wa miti aliyetoka Mukuyuni upande wa Makueni, alikuwa akiipaka miti ya barabarani mkanda mweupe, alama kwamba haikatwi bila kibali. Syokau, fundi cherehani, alikuwa akijipenyeza kati ya mbuzi na magunia ya ndengu, rinda la bibi harusi mkononi. Tone moja likaangukia pindo.

"Kwa hivyo hata hili rinda sasa halikatwi bila kibali?" akamuuliza.

Nzomo alicheka mpaka brashi ikamponyoka. Jioni alipiga simu kuuliza kama doa limetoka. Lilikuwa limeshatoka, lakini Syokau alisema bado, ili apige tena kesho.

Miezi minane baadaye alikuwa bado anapiga, kila siku saa saba mchana.

"Mwendwa wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe uko wapi?"

"Niko kazini."

Jumatano moja Syokau aliyasikia maneno hayo huku akimtazama kwa dirisha la duka lake la kushonea. Nzomo alikuwa amekaa chini ya mwarubaini wa jirani, mbele ya saluni ya Kasyoka, amevaa shati la samawati ambalo Syokau mwenyewe alikuwa amelishonea vifungo wiki iliyopita. Kasyoka, na rasta zake za rangi ya dhahabu, alimletea chai, kisha akavuta stuli akakaa karibu. Sindano ya cherehani ikakatika.

Alhamisi ikawa vilevile. Ijumaa pia. Jioni Syokau alimuuliza kwa simu mchana kutwa alikuwa wapi, naye akajibu kwamba ni mambo ya fomu tu, hayana maana. Syokau hakuuliza tena. Alilala akiuchukia ule mti. Aliona kwamba bila kivuli hakuna stuli, na bila stuli hakuna chai.

Kesho yake akachukua mlangoni mwa ofisi ya wadi fomu ya kuomba mti ukatwe. Jumapili, Kasyoka akiwa kanisani, aliuzungushia mwarubaini futi yake ya kupimia nguo. Mahali pa sababu akaandika kwamba matawi yanatishia paa. Mahali pa jina akaandika "Jirani Mwema", na Jumatatu asubuhi akaitia fomu katika sanduku la ofisi.

Jumanne Nzomo aliingia dukani na faili kwapani. Alimkuta akikunja pindo la sketi ya shule.

"Kuna jirani mwema anataka mwarubaini wa hapo nje ukatwe," alisema polepole.

"Ni nani?"

"Hajaandika jina. Lakini pale fomu inapouliza unene wa shina, ameandika: kiuno, inchi hamsini na nane na nusu." Akainua macho. "Syokau, Kwa Vonza nzima ni nani hupima mti kiuno?"

Futi ilikuwa bado inaning'inia shingoni mwake. Uso ulimwaka moto, lakini hakuuinamisha.

"Na Kwa Vonza nzima ni nani hunywa chai ya Kasyoka siku tatu akiniambia yuko kazini?"

Nzomo alikaa, akatoa karatasi nyingine kwenye faili. Akamkumbusha kanuni mpya ya soko: ploti isiyo na mti ulio hai mbele yake haipewi leseni mwakani. Mbele ya duka la Syokau mwenye nyumba alikuwa amemwaga saruji yote, hakuna hata pa kuchimba shimo. Lakini mwarubaini ulikuwa umesimama juu ya mpaka wa ploti mbili. Kasyoka akikubali kwa maandishi, ungehesabiwa kwa maduka yote mawili.

"Chai ya kwanza alikataa. Ya pili akasema atafikiria. Ya tatu akatia sahihi, kwa sharti moja."

"Sharti gani?"

"Uache kumsonya kila akipita."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeenda kugombana naye kabla hajatia sahihi."

Hilo hakuweza kulikana. Aliomba fomu yake aichane. Nzomo akatikisa kichwa: fomu ikishapokelewa haichanwi. Anayetaka kuiondoa anaandika mwenyewe, kwa jina lake kamili, na sababu.

"Niandike sababu gani?"

"Ya kweli."

Syokau alichukua kalamu. Kisha akaandika jina lake, na chini yake neno moja: wivu.

Nzomo alilisoma bila kucheka, akaifunga faili. "Na jambo lingine. Sisi mti tunaupima kwenye usawa wa kifua, si wa kiuno." Akainua mikono. "Jifunze kwangu. Nataka suti."

"Suti ya nini?"

"Ya kupeleka mbuzi za ntheo, za posa, kwa baba yako. Siwezi kwenda kukuomba nimevaa shati lenye madoa ya rangi."

Syokau akamzungushia futi kifuani. Alizisoma inchi mara mbili, na mara zote mbili akazisahau.

Nje, Kasyoka aliita kwamba chai iko tayari, Nzomo aje. Syokau alifungua mdomo, akakumbuka sharti, akaufunga. Kisha akaita kwa dirisha, kwa sauti ya upole kabisa:

"Lete vikombe viwili, dadangu."