Risasi za Kushoto

Siku bunduki ilipoingia nyumbani kwa Habakuki ilikuwa Jumanne isiyo na neno. Kuku walikuwa wakiparua chini ya kichanja cha vyombo, na mkewe, Dorkasi, alikuwa kibarazani akichambua mchicha. Dorkasi ni ndugu yangu upande wa mama. Sehemu ya haya nimeyasikia kwake, na sehemu aliyasema Habakuki mwenyewe mbele ya kikao cha ukoo, macho yakiwa chini. Sijaongeza chumvi. Anayetaka kubisha akabishane na wao.

Kibali cha bunduki ile kilimchukua Habakuki mwaka mzima na miezi miwili. Serikali ya kijiji, kata, polisi, njoo kesho, njoo Alhamisi, bosi yuko semina. Alivumilia kwa sababu nyani walikuwa wamemfilisi misimu miwili mfululizo, na nyani wa Handeni hawaogopi sanamu wala kelele za debe. Mahindi yakianza kukaza punje wanaingia mchana kweupe, wanavunja, wanaonja, wanatupa. Msimu huu, alisema, watamtambua.

Basi akaifuata Korogwe, kwenye duka la Godfrey, askari wa wanyamapori mstaafu. Bunduki mpya ya risasi moja moja, imetolewa kwenye boksi mbele ya macho yake, inanukia mafuta. Njia nzima ya kurudi Handeni aliipakata.

Furaha ile haikumaliza wiki. Kwanza aliona ufa kwenye kitako, mwembamba kama unywele. Kesho yake mkanda ukafumuka mshono. Hayo angeyameza. Lililomchoma ni kwamba bunduki ilikuwa inapiga kushoto.

Aliweka debe juu ya kisiki, mwisho wa shamba, mbele ya vichaka. Akalenga katikati. Debe halikutikisika. Risasi aliikuta kwenye shina la mgunga, hatua tatu nzima kushoto. Akarudia. Mgunga. Akalenga kulia makusudi, ili ijirekebishe. Mgunga tena, palepale, tundu kando ya tundu.

Jirani yake Semboja, Mzigua aliyewahi kuwinda na gobole enzi za ujana wake, alikuwa ameegemea ua anatazama.

"Mgunga umekukosea nini, bwana?" akauliza, kisha akacheka mpaka akakohoa.

Jioni ile Habakuki hakula. Alikuwa mtu wa hasira tangu zamani, lakini hii ilikuwa hasira ya kuaibishwa, na hiyo hailali. Alipiga teke ndoo. Alimfokea mbwa. Dorkasi, ambaye milio ilimkuta akirudi na maji, alimwambia kwa sauti ya chini, "Baba, mlio ule unaniumiza kichwa. Nasikia moyo unataka kutoka." Akajibiwa, kwa kununa, kwamba basi atakuwa anapiga Dorkasi akiwa ameshafika mbali. Na kweli, tangu siku hiyo alikuwa akisubiri Dorkasi achukue ndoo aende lamboni, ndipo anatoa bunduki. Alijiona muungwana kwa hilo.

Nyani nao walikuwa wamejua saa ileile, wakati mwanamke hayupo shambani. Wakawa wanatokea vichakani kupitia kwenye kisiki, wakubwa kwa wadogo. Kila alipofyatua, risasi ilikwenda kwenye mgunga, na dume moja kubwa likafikia hatua ya kukaa pale likila bila hata kugeuza shingo.

Risasi ya saba ilipokwenda kushoto, alipanda gari la kwanza kwenda Korogwe, leseni mfukoni na bunduki ndani ya mfuko wake. Alimwaga maneno dukani mpaka wateja wakatoka nje. Godfrey alimsikiliza, akaguna, akampeleka kwenye shimo la mchanga ambako huwa anajaribia silaha. Akapiga tatu. Karatasi ilitoboka katikati, mara tatu.

"Jaribu wewe, mzee."

Habakuki akapiga. Katikati.

"Bunduki mbovu hutawanya risasi," Godfrey alisema taratibu. "Yako haina ugonjwa. Labda huko nyumbani mkono unatetemeka."

Mkono unatetemeka! Habakuki alihisi damu inampanda masikioni. Akageuza bunduki kumwonyesha kasoro nyingine, ambayo alikuwa ameisahau kwa ghadhabu. Mtutu mpya ulikuwa umeshika kutu. Madoa manne upande mmoja, moja upande wa pili. Alikuwa akiyafuta kwa mafuta kila jioni, na kila asubuhi anayakuta.

Godfrey aliyatazama muda mrefu. Akasema ni jasho la kiganja, chuma kipya hakipendi jasho. Akamwomba Habakuki aushike mtutu, alinganishe. Vidole vya Habakuki havikukaa kwenye madoa. Vilikuwa vinene mno. Godfrey akajaribu vyake, akaona navyo haviingii, mpaka alipozunguka akasimama upande wa mdomo wa bunduki na kuushika kutoka huko. Hapo kila kidole kikapata doa lake.

"Aliyeshika hapa alikuwa amesimama mbele yako," alinong'ona. "Anausukuma." Akairudisha bunduki haraka, akapangusa mkono kwenye suruali.

Habakuki alirudi amefura. Kwa akili yake, kulikuwa na mtu anayeingia ndani na kuichezea silaha yake, na mtu huyo alitoka kwa Semboja. Kesho yake, Dorkasi alipokwenda maji, alipiga ya nane. Kushoto. Akaitupa bunduki begani na kuanza kukata shamba kwenda kwenye kisiki, akitukana njia nzima.

Katikati ya shamba palikuwa na mwanamke.

Alikuwa kwenye kijia, amejitanda kanga kichwani. Jua lilikuwa la utosi. Habakuki aliita, "We mama! Unafanya nini humu?" Mwanamke aliacha kijia, akaingia kwenye mahindi hatua mbili, akageuza mgongo. Akachutama. Akausogeza upindo wa kanga kuficha uso. Akatulia hivyo, kama anayesubiri mtu apite.

Habakuki akamfuata mbio. Hakuna jani lililotikisika. Alipofika hapakuwa na mtu. Udongo ulikuwa mkavu, bila unyayo.

Hapo ndipo hasira ilipopata jina. Alikuwa anamjua mtu mmoja tu ambaye humwachia njia namna ile.

Washambaa wa zamani walishika sana adabu ya ukwe. Mama mkwe na mkwe wake hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mama hujitoa, huingia majanini na kumpa mgongo mpaka apite. Mama Evodia, mamaye Dorkasi, alikuwa wa zamani hasa. Miaka yote Habakuki hakuwahi kuuona uso wake vizuri. Mwaka juzi, alipomnasa Dorkasi kofi kwa ugomvi wa simu, mama yule alitoka kwake Kwamndolwa kwa basi la asubuhi, akaingia uani, akamgeuzia mkwewe mgongo na kuongea na jiko. "Wewe jiko, sikia. Mwanangu sikumleta huku apigwe. Mkono ukinyanyuka tena, utaukuta wangu." Akanywa maji, akarudi kwao. Alifariki Kwaresma iliyopita, wakamzika hukohuko Kwamndolwa, na Habakuki alishika jembe kama wengine.

Mwingine angeogopa. Huyu bwana alikasirika zaidi. Yaani hata kaburini haachi kuingilia mambo ya watu! Yeye amemgusa nani? Tangu kofi lile hajanyanyua mkono, analinda mahindi yatakayomlisha binti wa huyohuyo mama, halafu anaharibiwa shabaha na kufanywa kichekesho cha kijiji. Alirudi nyumbani akiongea peke yake. Kesho yake akajaribu tena, ya tisa, ameikaza bunduki kwa mikono yote miwili. Kushoto. Safari hii aliuhisi mtutu ukivutwa. Polepole. Kwa nguvu zisizo na haraka.

Alhamisi asubuhi alikata nguzo yenye panda, akaichimbia chini mbele ya kichuguu anapokaa. Akaulaza mtutu kwenye panda, akaulenga kwenye kisiki, kisha akaufunga kwa ukanda wa mpira wa tairi. Akazungusha. Akakaza kwa meno. Akausukuma kushoto kwa bega, haukwenda popote. "Haya," alisema. "Njoo sasa."

Dorkasi alichukua ndoo. Mpya, ya plastiki, aliinunua mnadani siku chache nyuma. "Naenda maji," akasema.

Akangoja. Jua likawa kali. Upepo ukakata. Dume lilitoka vichakani, likapanda kisiki, likakaa.

Habakuki akaweka kidole.

Mwanamke akatokea.

Hakutoka kwenye mahindi. Alikuwa tu pale, hatua chache mbele ya mtutu, amempa mgongo, kanga kichwani. Akaanza kuja. Alikuja kinyumenyume. Hakugeuka. Hata wakati ule hakumtazama mkwewe usoni. Alinyoosha mkono nyuma, mkono mwembamba wa kizee, ukapapasa hewani, ukaupata mtutu.

Mpira ukalia. Nguzo ikalia. Mtutu haukwenda kushoto.

"Toka," Habakuki alinong'ona. Kisha akapiga kelele, maneno ambayo mkwe hamwambii mama mkwe, hai wala mfu. "Toka! Ulikuwa hai unanisumbua, umekufa unanisumbua! Mwachie mwenzio nyumba yake!"

Mkono uliacha kusukuma kushoto. Ukaanza kunyanyua.

Nguzo iliyochimbiwa goti zima ardhini ilipanda. Kidogo. Upana wa kidole.

Akafyatua.

Moshi ulipoisha hapakuwa na mwanamke. Dume lilikuwa limekimbia. Habakuki alikwenda kwenye kisiki. Debe zima. Akaenda kwenye mgunga, akahesabu matundu kwa kidole. Tisa. La kumi halikuwepo. Akatafuta ardhini, akatafuta kwenye mashina. Hakuna. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu ainunue bunduki ile, alijiuliza swali ambalo mtu mzima angejiuliza siku ya kwanza. Magobole ya kina Semboja hutema vyuma vinavyochoka hatua hamsini tu, na yeye aliifikiria bunduki yake vivyo hivyo, kwamba vichaka vitaimeza risasi. Hakuwahi kuwaza nyuma ya vichaka pana nini.

Alirudi nyumbani akitembea taratibu. Dorkasi aliingia uani muda mfupi baadaye, ndoo kichwani, bega moja limelowa chapachapa, amenuna.

"Ona vitu vya siku hizi," alisema. "Ndoo juzi tu nimenunua, leo inavuja. Nilipokuwa natembea nimesikia kama mtu amenikandamiza kichwa, ghafla maji haya hapa."

Habakuki aliitazama ndoo. Upande wa kulia palikuwa na tundu, maji yanachuruzika. Upande wa kushoto palikuwa na jingine linalolingana nalo kabisa. Kiganja kimoja chini yake lilikuwa sikio la mkewe.

"Unapita wapi kwenda lamboni?" aliuliza.

"Juu ya tuta. Nyuma ya vichaka pale." Alikuwa bado anajifuta bega. "Njia ya chini si iliharibiwa na ng'ombe wa wale wafugaji, kina Moreto? Mwezi wa tatu sasa. Hukujua?"

Hakujua. Miaka kumi na moja ya ndoa, maji anayooga na kunywa, hakujua mkewe anayapitisha wapi. Akakaa chini pale uani. Akamwambia yote.

Dorkasi alishusha ndoo. Hakulia.

"Mara ngapi?" alinong'ona.

"Tisa. Na ya leo."

Alimtazama, na Habakuki anasema macho yale yalimtisha kuliko kile alichokiona shambani.

"Mama amekufa, anajua ninapopita," Dorkasi alisema. "Wewe uko hai."

Akafunga nguo zake kwenye kanga. Akamwaga maji, akabeba na ndoo, kwa sababu alitaka kikao kiione. Jioni alikuwa Kwamndolwa, na hajarudi. Habakuki aliikabidhi bunduki polisi bila kudai hata risiti. Amekuja mara nne kuomba msamaha, na mara zote nne ameambiwa asubiri nje.

Semboja, aliyeitwa kwenye kikao kama shahidi, aliigeuza ndoo ile mikononi akatikisa kichwa. Risasi ya namna ile, alisema, ikikuta ndoo ya plastiki imejaa maji huipasua vipandevipande. Hii imetoboka taratibu, kama kwa msumari wa moto.

Ndoo ipo mpaka leo, kwao Dorkasi, nyuma ya jiko. Ukiijaza, tundu la kulia linamwaga maji mpaka yanaisha usawa wake. La kushoto, lililokuwa limeelekea shamba, halitoi hata tone. Tumeinamisha, tumeitikisa. Halitoi. Mwezi uliopita Glory, mdogo wake Dorkasi, msichana asiyeamini mambo haya, alichomeka kidole kwenye tundu hilo kutoka ndani aone limezibwa na nini. Alikichomoa haraka. Tulimuuliza amegusa nini.

"Pana joto la mtu," alisema, na akaenda kunawa.